Nilivyokwenda Kula Chakula cha Jioni Morogoro

Wenzangu, tangu nirudi hakuna anayenisalimia bila kuongeza, "Ehe, ikawaje?" Nimewajibu vipande vipande, huyu nikampa treni, yule nikampa chakula, na sasa nasikia vipande hivyo vinazunguka mjini vikiwa vimeungwa vibaya. Kuna anayesema nilikwenda kuzika. Basi nimekaa niwaandikie yote, tangu Tabora mpaka kule juu mawinguni, msome wenyewe.

Chanzo mnakijua: simu iliyokosea namba. Mwanamume mmoja wa Mgeta, milima ya Uluguru, alikuwa anamtafuta dereva aliyebeba kabichi zake, akanipata mimi nasahihisha madaftari. Nilipomwambia amekosea, aliniomba radhi kwa sauti ya taratibu, kama mtu anayetua chungu cha maji asimwage. Kesho yake akapiga tena, safari hii kwa makusudi. Dereva amepatikana, akasema, kabichi zimefika salama, na ameona si vizuri kuniacha na wasiwasi. Mimi sikuwa na wasiwasi wowote na kabichi zake. Lakini nilicheka, na katika nyumba ile nilikuwa sijacheka peke yangu tangu mume wangu afariki.

Jina lake Shomari. Naye mkewe alitangulia mbele ya haki zamani. Tukaendelea kuongea masika yale na mengine yaliyofuata, sauti kwa sauti. Simu yake ni ya tochi, haipokei picha, na mimi sikuitaka picha. Halafu akasema, "Mwalimu, njoo Morogoro mjini tule chakula cha jioni. Kuna mgahawa wa zamani karibu na stesheni. Dada yangu atakuwepo, usiogope. Nina neno la kukuuliza, na neno lenyewe haliulizwi kwenye simu."

Neno nililijua. Jibu pia nilikuwa nalo, nalo lilikuwa hapana. Yeye ana mashamba yake mlimani, mimi nina nyumba yangu Tabora niliyoijenga tofali kwa tofali, na wajukuu wawili wanaoingia jikoni kwangu bila hodi. Mwanamke akiolewa anafuata. Sikuwa tayari kufuata. Lakini mtu aliyenichekesha hivyo hakustahili kukataliwa kwa simu. Nilitaka nimwone uso, nimkatalie kwa heshima.

Binti yangu Rehema alinisindikiza stesheni amenuna. "Mama, matapeli wa siku hizi wanaanza na kabichi."

Tabora mpaka Saranda

Watu waliniambia nishuke Dodoma nichukue treni ya umeme, nitafika upesi. Nikawaambia treni ya umeme inashusha watu mbali na mji, na hii ya zamani inakuweka mlangoni pa mgahawa. Ukweli ni kwamba sikutaka kufika upesi. Nilikuwa na sentensi ya kupanga.

Chumbani kwetu alikuwemo mama mmoja wa Kigoma, Mama Neema, mnene, mchangamfu, na furushi la dagaa wakavu lililotawala hewa yote. Tulipokwisha kusalimiana akauliza, "Unashuka wapi, mwenzangu?"

"Morogoro."

"Kwa wema?"

"Kuna mtu nakwenda kumwona," nikasema. "Sijui itakuwaje."

"Ni mtu wa karibu?"

Haya ikanishika, nikageukia dirishani. "Ni habari ndefu, mama."

Akanishika mkono akaubana. "Usiseme zaidi," akaninong'oneza. "Nimeelewa."

Nikashukuru kwamba nimepata mtu mwelewa. Nje nyika ilikuwa inapita, miti myembamba, mizinga ya nyuki imening'inia kama watu waliolala, na mimi napanga maneno: Bwana Shomari, nakushukuru kwa heshima uliyonipa. Magurudumu yakayachukua maneno yale yakawa yanayarudia, na kwa namna yalivyoyarudia hayakusikika kama ya kukataa.

Saranda wauzaji walikuja na kuku wa kukaanga, beseni zimefunikwa vitambaa vyeupe. Mama Neema akanunua kuku mzima, akanipasulia paja. "Kula. Anayekwenda kwa mgonjwa lazima awe na nguvu."

Nikadhani ndiyo namna ya watu wa Kigoma ya kusemea mambo ya moyo. Nikala. Kuku alikuwa mtamu, na ngozi yake ilikuwa inavunjika mdomoni kama karatasi ya moto.

Gulwe

Asubuhi niliamshwa na ukimya. Treni ilikuwa imesimama Gulwe, na haikuondoka. Mvua za juzi zilikuwa zimeujaza mto, mto ukala tuta la reli huko mbele, na mafundi walikuwa wanajaza mawe. Lini tutaondoka? Kila aliyeulizwa aliangalia mbinguni kwanza.

Jioni ile ndiyo ilikuwa jioni ya miadi yetu. Nikatafuta mtandao nikiwa nimesimama juu ya kitanda, juu ya ngazi ya behewa, juu ya rundo la mataruma ya zamani ya reli. Hakuna. Simu nayo ikazima mkononi mwangu. Nikaketi kwenye kivuli cha behewa, nikawaza: atakuja na dada yake, atakaa, atangoja, ataondoka. Nilikuwa nimesafiri kwenda kumkatalia mtu, na sasa roho ilikuwa inaniuma kwa kuwa sitamkuta. Nililigeuza jambo hilo huku na huku na sikulielewa.

Ile siku ilikuwa na namna ya ndoto. Watu walishuka wakatandika kanga kando ya reli. Akina mama wa kijijini wakaja na wali na maharage, na maziwa mgando kwenye vibuyu. Vilima vya mbali vilikuwa vinacheza kwa joto. Mtu mmoja alikuwa anaimba ndani ya behewa la mwisho, hatukumwona kamwe. Nikasinzia, nikaota mezani kumewekwa sahani na mtu ananiambia supu inapoa, lakini kila nikikivuta kiti kinasogea mbele kidogo.

Nilipofumbua macho, Mama Neema alikuwa amesimama mbele yangu na mwanamume mwenye shati jeupe na Biblia, na nyuma yao watu wa behewa zima.

"Huyu ni mchungaji, anakaa chumba cha tatu kutoka kwetu," akasema Mama Neema. "Tumekuja kumwombea mgonjwa wako."

"Mgonjwa gani?"

"Wa Morogoro."

"Jamani, hakuna mgonjwa!"

Mchungaji akainua mikono. "Hiyo ndiyo imani, dada! Sema tena, hakuna mgonjwa!"

"Hakuna mgonjwa," nikasema, nimeishiwa.

"Amina!" wakaitikia wote. Ningefanya nini? Mimi na ushungi wangu nikakunja viganja, nikaitikia dua ya kumponya Bwana Shomari. Baada ya hapo kila aliyepita aliniletea kitu: ndizi, karanga, mkate wa kumimina. Nilijaribu tena kueleza, lakini kadiri nilivyokana ndivyo walivyonisifu kwa ushujaa.

Treni ilipiga honi siku iliyofuata, jua likiwa tayari limepanda.

Stesheni ya Morogoro

Baada ya Kilosa mashamba ya mkonge yalianza, mistari mirefu ya kijani ya fedha inayofunguka na kujifunga kama kurasa. Kisha mbele, upande wa kulia, nikaiona Uluguru. Mwanzo nilidhani ni wingu la mvua. Halafu wingu likapata mikunjo na mabonde, na juu yake wingu jingine la kweli limekaa kama kilemba.

Tulifika jua linaelekea kuzama. Nilikuwa nimejiambia nisitazamie mtu. Nikashuka na begi langu na vile vyakula vya waombaji wangu, nikasimama nikitafuta pa kutokea. Mwanamume mrefu mwenye kanzu na koti la kijivu alikuwa amesimama chini ya saa ya stesheni, ameshika kofia yake mkononi. Mvi zimemjaa kidevuni. Sikumjua. Akafungua mdomo.

"Mwalimu," akasema. "Pole na safari."

Nikamjua kabla hajamaliza. Ile sauti nilikuwa nimeizoea gizani, sikioni, na sasa ilikuwa na uso na viatu vyenye tope. Nadhani nilisahau kuitikia, maana akasogea hatua moja akarudia.

Hapo dirisha la behewa likafunguka kwa kishindo. "Mwenzangu!" akaita Mama Neema, na nyuma yake vichwa vingine vimebanana. "Tutaendelea kuomba! Mungu atamponya!"

"Hakuna mgonjwa!" akapaza sauti mchungaji.

"Amina!" likaitikia behewa zima, na treni ikaanza kuondoka.

Bwana Shomari akalitazama behewa mpaka likapita. "Nani anaumwa?"

"Wewe," nikamwambia.

Akafikiri kidogo. "Basi dua zao zina nguvu," akasema. "Jana nilikuwa hoi."

Mezani

Mgahawa wenyewe uko hatua chache tu kutoka stesheni. Ni jengo la enzi za Mjerumani, kuta nene kiasi kwamba dirishani panaweza kuketi mtu na mzigo wake. Baadaye likawa mikononi mwa Mgiriki wa mkonge, na sasa linaendeshwa na familia moja ya hapo mjini. Sakafu ni nyekundu, imesuguliwa miaka na miaka mpaka taa zinaonekana chini kama zimezama majini. Ukutani bado kuna vigingi vya kutundikia kofia, na dari iko juu sana hata mazungumzo ya meza nyingine yanapanda huko na kurudi yamelainika.

Dada yake, Bi Chausiku, alikuwa tayari amekaa kwenye meza ya dirishani, mwanamke mdogo wa umbo, macho makali. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba, mwanangu," akasema, ingawa hanizidi sana. "Tulijua utakuja. Yeye hakujua, mimi nilijua."

Mhudumu, mama wa makamo mwenye aproni iliyopigwa pasi, akaja anacheka. "Ndiye huyu? Bwana huyu jana kakaa hapa na chai moja tu. Kila mlango ukilia anasimama."

Bwana Shomari akaangalia uma wake.

Supu ikaletwa kwenye bakuli kubwa lenye mfuniko, supu ya njegere, na mhudumu alipolifunua mvuke ulitoka na harufu ya mnanaa. Nje mlima ulikuwa unageuka buluu, kisha zambarau, kisha ukabaki mstari tu. Sikumbuki kama tuliongea. Nakumbuka joto la bakuli kwenye viganja, feni inavyozunguka polepole, na uchovu wa reli bado unaniyumbisha, hata nikaona kama chumba chote kinasafiri nasi taratibu kuelekea mahali.

"Mama yetu alikuwa analeta njegere hapa," akasema Bwana Shomari. "Anateremka mlimani na tenga kichwani, anapitia mlango wa jikoni kule nyuma, anapokelewa, anarudi. Nilikuwa nafuatana naye. Upande huu wa mbele hatukuwahi kuuona. Tulikuwa tunasikia vijiko tu."

"Kwa hiyo na wewe ni mara yako ya kwanza?"

"Jana nilikaa, lakini sikula. Nilisema nitakula na mtu."

Kikaja kuku wa kuoka, na viazi vilivyopondwa kwa siagi, karoti, na sosi ya kahawia ambayo mapishi yake, mhudumu alisema, hayajabadilishwa tangu wakati wa Mgiriki. Bi Chausiku akavitazama visu na uma, akavisogeza pembeni kama mtu anayeondoa paka mezani, akanawa, akala kwa mkono. "Watu wa zamani hawa," akasema, "sijui mikono yao waliiogopea nini." Mimi na kaka yake tukatazamana, tukaviweka na vya kwetu kando. Kuku yule, wenzangu, sitaweza kumweleza. Nyama ilikuwa inaachana na mfupa kwa hiari yake.

Nikaona nikizidi kufurahi nitashindwa kusema. Nikanawa, nikakaa wima kama niko mbele ya darasa.

"Bwana Shomari, nakushukuru kwa heshima uliyonipa. Neno lako nalifahamu. Lakini mimi nina nyumba yangu Tabora. Nina wajukuu. Umri wangu si wa kung'olewa na kupandwa pengine. Siwezi kuondoka."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, si wa huzuni.

"Nani amekuambia uondoke?"

"Si unataka tuoane?"

"Nataka."

"Basi si nitakufuata Mgeta?"

Bi Chausiku akaanza kucheka, akajifunika kanga usoni, mabega yanatikisika. Kaka yake hakucheka. Aliweka mikono yake mezani, mikono mikubwa yenye udongo usiotoka kwenye kucha.

"Mwalimu, kwetu Waluguru ardhi ni ya kina mama. Shamba ninalolima ni la ukoo wa mama yangu. Nikifa hawarithi wanangu, wanarithi watoto wa huyu dada. Zamani mwanamume ndiye aliyekuwa anakwenda kwa mke. Baba yetu alimfuata mama akiwa na jembe na mkeka tu. Mimi nilikuwa nakuuliza kama nyumba yako ya Tabora ina nafasi ya mtu mmoja. Nimekuwa nawaza udongo wa huko ukoje. Naambiwa ni mchanga."

Ile sentensi niliyoitunga kutoka Tabora ilikuwa imekwisha kazi, na nyuma yake sikuwa nimeandaa nyingine.

"Ni mchanga," nikasema hatimaye. "Lakini ukitia samadi unakubali."

Mhudumu akaleta pudini ya karameli, imesimama, inatetemeka kidogo kila mtu akigusa meza. Tukaila bila haraka. Sikusema ndiyo. Bwana Shomari hakuniharakisha. Akaniambia tu, "Kesho panda uone kwetu, ndipo ujibu." Tukatoka, mimi nikaenda kulala Mwembesongo, kwa binti wa Bi Chausiku, mgongo kwa mgongo na Bi Chausiku mwenyewe, na puani bado nina harufu ya ile sosi.

Kupanda Mgeta

Malori yanateremka kutoka Mgeta na mboga na kurudi na matenga matupu. Tulipanda mbele, tumebanana na dereva, na barabara ikaanza kujikunja. Kila kona ilikuwa inafungua bonde jipya na kulificha lile la nyuma. Baridi ikaingia. Mawingu yalikuwa chini yetu, na kutoka ndani yake zilisikika sauti za watu wanaoitana kutoka shamba hadi shamba, bila miili.

Lori lilipoishia tukatembea. Njia ilikuwa nyembamba na tope linateleza, na Bi Chausiku ananitangulia kama mbuzi. Halafu nikaona mashamba yao. Ni matuta yaliyokatwa mlimani kama ngazi, kabichi, karoti, njegere zimetambaa kwenye miti yake, miforosadi kandokando, na maji yanapita kwenye mfereji mdogo yakiongea yenyewe. Kila tuta lilionekana limeshikwa na mkono wa mtu kila siku ya maisha yake. Huyu ndiye mtu niliyetaka kumpeleka kwenye mchanga?

Bwana Shomari aliteremka shambani kuangalia miche yake ya kabichi. Mimi nikabaki kibarazani na dada yake, tunakunywa chai ya tangawizi.

"Bi Chausiku," nikasema, "siwezi kumtoa mtu hapa. Hii ni dhambi."

Akanywa chai yake. "Unaona nyumba ile pale chini? Tangu afiwe analala pale peke yake. Anaamka gizani analima, anarudi gizani. Hata mvua ya mawe haimtoi shambani. Nikimwambia kaka, pumzika, ananiambia nipumzike niongee na nani. Shamba hili litakuwepo, mwanangu, lilikuwepo kabla ya bibi zetu. Vijana wangu wana mikono. Mimi namwogopea yeye."

"Na wewe? Utabaki bila kaka."

"Nitampigia simu," akasema. "Si ndivyo mlivyoanza ninyi?"

Nikatazama bondeni. Bwana Shomari alikuwa amechutama kwenye tuta lililolimwa tayari, jeusi, tupu. Kando yake kulikuwa na trei ya miche. Alichukua mche mmoja, akautazama, akaurudisha. Akachukua mwingine. Nikaelewa. Kabichi huchukua miezi. Hakujua kama atakuwepo.

Nikavua viatu, nikavishika mkononi, nikateremka kwenye matuta. Udongo ulikuwa baridi, unapanda kati ya vidole. Alisikia nyayo, akasimama, na mche mkononi. Ukungu ulikuwa umetushukia, nyumba haionekani, dada haonekani.

"Mwalimu, utaanguka."

"Mbona hupandi?"

Akauangalia ule mche. "Nilikuwa nawaza," akasema. "Nipande au nisipande?"

Mioyo ya watu wa umri wetu haipigi kelele, wenzangu, lakini wangu niliusikia.

"Panda," nikamwambia. "Tutakuja kuvuna."

Alichutama tena, akachimba tundu kwa kidole gumba, akauweka mche, akaushindilia udongo pande zote. Kisha akaisogeza ile trei kuelekea kwangu, na mimi nikachutama upande wa pili wa tuta.